Ubao Unafutika

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Sikwenda ualimu kwa wito. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, nikapata daraja la tatu, ile tatu ya mwishomwisho ambayo ukiitaja nyumbani mzee anakohoa kidogo kisha anauliza habari nyingine. Kidato cha tano sikuchaguliwa. Nikakaa mtaani mwaka mzima na zaidi, mchana nikimsaidia mjomba dukani, usiku nikiandika riwaya yangu kwenye kaunta buku kwa tochi ya simu. Kazi yangu niliiona kuwa ni hiyo riwaya. Ualimu ulikuja kwa sababu mama alisema, "Mwanangu, kuandika andika, lakini utakula nini?" Swali hilo hata leo sijalijibu sawasawa.

Basi, mwaka 2021 nikaingia chuo cha ualimu, ngazi ya cheti, miaka miwili. Huko tuliambiwa kila siku kwamba mwalimu wa kisasa anafundisha kwa TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Somo lenyewe tulilipata ubaoni. Mkufunzi alichora kompyuta kwa chaki, akaonyesha kicharazio, akaonyesha kipanya na mkia wake, nasi tukachora kwenye madaftari. Kompyuta zenyewe zilikuwapo, zimefunikwa vitambaa katika chumba chenye kufuli mbili. Tuliingia humo mara chache, watu watano kwa mashine moja. Mimi kipanya nilikishika siku mbili. Kwenye mtihani nilipata A. Nilikuwa nimekichora vizuri sana.

Januari 2023 tukatawanywa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ambayo sisi tunayaita BTP. Mimi nikaangukia shule moja ya msingi huko Mbagala. Anayeijua Mbagala anazijua shule zake: watoto hawahesabiki, wengine wanaingia asubuhi, wengine mchana. Nikapewa darasa la nne, somo la Kiswahili. Siku ya kwanza nilipoita majina nilipata watoto 118. Dawati la watu watatu limekaliwa na watano, na walioko pembeni wanakaa kwa paja moja. Kipindi ni dakika 40. Piga hesabu mwenyewe: ukitaka kila mtoto asome kwa sauti, kila mmoja ana sekunde ishirini, na wewe hapo hujasema hata "habari za asubuhi."

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mama mtu mzima, amebakiza mwaka na kitu astaafu. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, hata pale nilipokuwa sistahili. Mama alikuwa na kishikwambi. Unavikumbuka vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022, vile vilivyotuhesabu Watanzania 61,741,120? Baada ya Sensa viligawiwa walimu, na Mama alipata chake. Alikifunga kwenye kipande cha kanga, akakiweka chini kabisa ya mkoba. Nikamwuliza kwa nini hakitumii.

"Nakitumia," alinijibu. "Nakitumia kujua saa."

Nilicheka kimoyomoyo. Nikasema, huyu ndiye mwalimu wa zamani, na mimi ndiye wa kisasa. Ama kweli, ujana ni moshi.

*

Wazo lilinijia wiki ya kwanza. Kama siwezi kuwasikiliza watoto 118 darasani, kwa nini nisiwasikilize nje ya darasa? Simu yangu ya kupangusa, pamoja na kioo chake kilichopasuka, ilikuwa na uwezo wa kurekodi. Nikaandika habari fupi ya mvuvi na mchuuzi wanaobishana bei pale soko la samaki la Feri. Niliiandika mwenyewe, maana riwaya ilikuwa bado inaniwasha mkononi. Halafu kila mapumziko nikawa nachukua watoto kumi, mmoja mmoja, kwenye kistoo cha vitabu nyuma ya ofisi. Mtoto anasoma, simu inarekodi, anakwenda zake kucheza. Usiku, chumbani nilikopanga na mwanachuo mwenzangu, navaa hedifoni na kuwasikiliza.

Ndugu msomaji, nisiseme uongo: jambo lile lilifanya kazi. Kwa siku kumi na mbili za shule niliwajua watoto wale kuliko ambavyo ningewajua kwa mwaka mzima. Kulikuwa na mvulana mmoja hodari, ambaye siku zote ananyosha kidole na kusoma kwa madaha kama mtangazaji. Kwenye kistoo alisoma vizuri vilevile, isipokuwa nilipomtazama niliona karatasi ameishika juu chini. Alikuwa amewasikia wenzake waliomtangulia, akaikariri habari yote! Darasani hakuna ambaye angemgundua. Niliwapata wengine wa namna hiyo, jumla 31, wamefika darasa la nne na kusoma hawajui. Mama nilipompa orodha aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hawa tutabaki nao jioni." Na kweli tukabaki nao, yeye kumi na sita, mimi kumi na watano, kila siku nusu saa chini ya mwembe.

Kwa hiyo sikuja hapa kulaani mashine. Sikiliza tu lililofuata.

Kulikuwa na binti mmoja wa dawati la mwisho. Jina simtaji, na sababu utaiona. Huyu hakuwahi kunyosha kidole. Ukimwuliza jambo anatabasamu, anatazama chini, jirani yake anamjibia. Nilimweka kwenye kundi la wasiojua kusoma kabla hata sijamsikia. Zamu yake ilipofika kwenye kistoo alisimama mbele ya simu kama mtu aliyeitwa polisi. Akajaribu. Alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kuteleza neno mojamoja. Neno la kwanza lenyewe lilimkaba koo hadi machozi yakamlengalenga. Akaacha. Nikamwambia, "Usijali, mwanangu. Hii ni yetu sisi wawili tu. Hakuna mwingine atakayeisikia. Jaribu tena ukiwa tayari."

Alijaribu tena. Alichukua dakika sita kusoma habari ambayo wenzake waliisoma kwa mbili. Lakini lo! Mvuvi alimpa sauti yake nzito ya mtu asiyelala, na mchuuzi akampa sauti ya juu, ya kubembeleza. Katika watoto wote 118 ndiye peke yake aliyeelewa kwamba watu wale wawili walikuwa wakicheza, kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kuondoka bila ya biashara. Mimi niliyeiandika habari ile nilijisikia nimepata msomaji wangu wa kwanza. Alipotoka pale alikimbia akirukaruka.

Rekodi zake nilizihifadhi zote mbili, ile iliyokwama na ile ya pili. Kwa nini nilihifadhi ile ya kwanza? Sijui. Simu ilikuwa na nafasi. Ndiyo sababu pekee.

*

Katika wiki ya nne mkufunzi kutoka chuoni akaja kutukagua. Hapo ndipo maksi zinapatikana, na mimi maksi nilizitaka. Kwenye fomu ya ukaguzi zana za kufundishia zina alama zake, na tulijua kwamba ukileta kitu cha TEHAMA umewaacha wenzako mbali. Wenzangu walikuwa wamebeba maboksi, vizibo vya soda na mabango ya manila. Mimi nikaazima spika ndogo ya kuchaji, nikabuni mchezo nilioupa jina "Nani Anasoma?" Napiga rekodi tatu za wasomaji bora, darasa linatambua sauti, halafu tunazungumza msomaji kafanya nini hadi kusikika vizuri. Yule mshikaji wangu tuliyepanga naye nikamwomba asimame dirishani anipige video. Ujiko, bwana. Ujiko ni kitu kibaya.

Sauti ya kwanza ikapigwa, watoto wakapiga kelele kumtaja mwenyewe. Ya pili vilevile. Mkufunzi nyuma ya darasa anatikisa kichwa, anaandika. Ya tatu ilipokwisha nikageukia ubao kuandika jina la msomaji. Simu nimeiacha mezani. Nilichosahau ni kwamba simu haijui mchezo umeisha. Rekodi zimepangwa kwa saa, na iliyofuata baada ya ile ya tatu ilikuwa ya yule binti. Ile iliyokwama.

Nilisikia kicheko kwanza. Sekunde mbili tatu nilidhani wanafurahia mchezo, nikatabasamu huku bado natazama ubao. Halafu nikaisikia sauti ndani ya kicheko. Nikairukia simu. Vidole vimejaa chaki, kiganja jasho, nabonyeza kioo kilichopasuka, kioo kinanikatalia. Napangusa kwenye suruali, nabonyeza, wapi! Spika ilikuwa na kitufe chake cha kuzimia, tena kikubwa chekundu, nami sikukiona hadi mwisho. Baadaye nilikuja kuangalia rekodi ilikuwa imefika wapi nilipoizima. Sekunde kumi na tisa. Simu inaandika kila kitu.

Sikumtazama binti. Hilo nalo niliungame. Niliogopa kumtazama, nikaendelea na somo, maana mkufunzi alikuwa bado anaandika.

Nilipata A. Kwenye fomu, mahali pa maoni, pameandikwa: "Wanafunzi wamefurahia somo."

Jioni ile mshikaji akanitumia video. Nikakata kipande cha nusu dakika, nikakiweka kwenye stetasi ya WhatsApp: mimi ubaoni na shati langu jeupe, darasa zima likicheka, na maneno chini yake, "Ticha wa kidijitali." Nilipoanza kuandika makala haya, katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba sikugundua kuwa sauti ya binti inasikika nyuma ya kicheko. Nimeifuta sentensi hiyo. Niligundua. Nilijiambia haisikiki sana.

*

Kesho yake hakuja. Katika darasa la watoto 118 asiyekuja haonekani, lakini Mama alisimama mlangoni, akatupa macho mara moja tu, akauliza, "Yule wa dawati la mwisho yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Wakati wa mapumziko nilipita bombani, nikamkuta mtoto mmoja anaigiza na wenzake wanampigia makofi. Aliponiona hakunyamaza. Alidhani na mimi nitacheka.

Nilipotoka shule nikapita kwenye kibanda ninaponunulia bando. Kijana wa pale akanichangamkia kuliko siku zote. "Ticha, ile klipu yako imebamba! Nimeirusha kwenye grupu la mtaa, watu hawana mbavu."

Nilisimama pale kama nguzo ya umeme.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nilimweleza Mama kila kitu, nikimtazama viatu. Sikuficha hata ile ahadi ya "sisi wawili tu." Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Anza kwa mwalimu mkuu. Ukitoka huko, tunakwenda nyumbani kwao." Mwalimu mkuu aliniuliza swali moja tu: "Mzazi gani ulimwomba ruhusa ya kumrekodi mwanawe?" Sikuwa na jibu. Katika maandalio yangu yote ya somo, na niliyaandika kwa mwandiko mzuri, hapakuwa na mahali pa swali hilo.

Kwao ni chumba na varanda, na mama yake anakaanga mihogo pale mlangoni. Tulimwamkia, akatupa vigoda. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakunifokea. Aligeuza mihogo yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu alishapata njia yake ya kukaa shuleni. Njia yenyewe ni kunyamaza. Wewe ukamtoa huko, mwalimu, na sikatai, siku ile alirudi hapa anaruka, anasema mwalimu kanisikiliza mpaka mwisho. Sasa nakuuliza, ulimtoa ili umpeleke wapi?"

Nikaomba radhi. Maneno ya kuomba radhi ni machache sana katika lugha yetu, msomaji, au siku ile mimi ndiye niliyekuwa nayo machache. Binti aliitwa. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, naona miguu tu na nusu ya uso. Hakutaka samahani yangu. Alitaka kujua jambo moja. Ilimchukua muda kulisema, na safari hii nilingoja.

"Imo bado humo?"

Nikatoa simu, nikamsogezea. Nikafuta rekodi ya kwanza mbele ya macho yake, nikafuta ya pili, ambayo iliniuma, nikaifuta na ile video. Alitazama kidole changu kila kilipogusa kioo. Halafu akauliza tena.

"Na kwenye simu zao?"

Nina miaka ishirini na kitu, nimesoma shule, nimesoma chuo, nina A ya TEHAMA. Nilikaa kwenye kigoda kile sina la kumjibu.

*

Tulirudi kwa miguu hadi kituo cha daladala. Mama hakunisema. Alianza kunihadithia habari ya baba yake na redio.

Mwaka 1973, Mama akiwa na miaka tisa kijijini kwao, kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya," iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nimeisoma baadaye: watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakajifunza juu ya malaria, kuhara na kichocho kwa kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwenye kikundi chao redio ilikuwa moja. Baba yake Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wake, anaibeba kama yai. Siku ya kipindi watu wanakaa kwenye mikeka, redio inawekwa juu ya meza, inasema maneno yake.

"Nikukumbushe kitu kimoja," Mama aliniambia. "Kipindi kikiisha, baba anaizima. Anaifunga kitambaa, anaiweka kando. Watu wakishageuka na kutazamana, ndipo kikundi kinaanza. Huyu anasema kwangu choo hakuna, yule anasema nitakuja kukusaidia kuchimba. Redio haikuchimba choo, Mwalimu. Na redio haikutusikia tukisema nani hana choo. Ile ilikuwa siri ya mkekani."

Daladala likaja. Kabla hajapanda akaongeza, "Mimi kishikwambi sikiogopi. Nataka kwanza nijue kinavyozimwa."

Siku iliyofuata niliwahi darasani kabla ya watoto. Ubaoni kulikuwa na masomo ya jana: hesabu iliyokosewa, jina la mtu aliyepiga kelele, neno "kichwa" limeandikwa "kicwa." Nikachukua dasta nikafuta. Vumbi likaanguka, ubao ukawa mweusi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza tena kumwonyesha yule mtoto "kicwa" yake. Nilifuta ubao kila siku kwa wiki nne, sikuwahi kuona kwamba ile ni huruma. Mtoto anakosea saa mbili, saa nne kosa halipo. Kujifunza kunataka mahali pa namna hiyo. Mimi niliwaletea watoto chombo kisichosahau, nikakishika kwa akili ya mtu aliyezoea chombo kinachofutika.

Watoto nikawaambia kosa lilikuwa langu, kwamba nilivunja ahadi niliyompa mwenzao. Hawakunielewa wote. Mwenye grupu la mtaa nikamwangukia, akaifuta klipu, akaniambia kwa upole kwamba waliokwisha kuihifadhi wamekwisha kuihifadhi.

*

Binti alirudi baada ya siku nane za shule. Alikuja na sharti, amelituma kwa mama yake kupitia kwa Mama: atasoma, ila simu isiwepo. Nikakubali. Lakini wale wengine, hasa wale 31, simu ilikuwa imewasaidia, na sikutaka kuitupa. Ndipo nikageuza upande. Nikasema, kama lazima sauti ya mtu iingie kwenye mashine, na iingie yangu.

Usiku nikawa narekodi habari ya kesho kwa sauti yangu, polepole, nikiacha nafasi kwenye kila nukta. Mara moja nilikosea neno, badala ya "mtumbwi" nikasema "mtumwi." Nilitaka kurudia, nikaacha. Darasani walipolisikia waliangua kicheko: "Mwalimu kakosea!" Nikacheka nao. Yule binti, kutoka dawati la mwisho, nilimwona anatabasamu, na mara hii alikuwa hatazami chini.

Kazi ilikuwa hivi. Naweka spika juu ya meza, tayari nimekwisha kukijua kitufe chekundu. Sauti yangu inasoma, darasa zima linasoma pamoja nayo. Mara ya pili napunguza sauti kidogo. Mara ya tatu napunguza tena. Mara ya nne nazima, wao wanaendelea wenyewe, midomo 118, na mimi napita katikati ya madawati nikisikiliza. Siku moja nikapita dawati la mwisho, nikapunguza mwendo kama mtu anayetafuta chaki iliyoanguka. Binti alikuwa anasoma. Maneno yalimtoka yamenyooka moja baada ya jingine, pamoja na wenzake, bila ya kukwama hata mahali pamoja. Nilidhani ni miujiza. Baadaye nikasoma kwamba ni jambo linalojulikana: wengi wenye kigugumizi, wakisoma pamoja na wengine au wakiimba, ulimi wao hufunguka. Hakuna aliyenifundisha hivyo chuoni. Nilifundishwa mkia wa kipanya.

Sitakudanganya kwamba alisimama mbele ya darasa akasoma peke yake, watu wakapiga makofi, mwisho wa hadithi. Hakusimama. BTP ilipoisha alikuwa bado anakaa dawati la mwisho, na bombani bado kulikuwa na mtoto wa kumwigiza, ingawa makofi yalipungua. Katika wale 31, kumi na wawili walikuwa wanaweza kusoma sentensi. Mama alistaafu mwaka uliofuata. Aliniambia mwishoni alikuwa akisoma habari kwenye kishikwambi na kuwasimulia darasa, halafu anakifunga kwenye kanga.

Mimi nilimaliza chuo mwaka 2023. Tangu hapo nafundisha tuisheni, nasubiri ajira, naandika. Na ni juu ya kuandika ninapotaka kumalizia, kwa sababu najua wengi mnaosoma kurasa hizi nanyi mna kaunta buku zenu chini ya godoro.

Katika riwaya yangu kulikuwa na mlinzi wa geti. Kazi yake ilikuwa moja: kukwama katika maneno, ili msomaji acheke. Kila alipotokea niliandika herufi ya kwanza mara tatu nne na vistari katikati, na nilijiona fundi. Niliporudi kutoka BTP nikafungua ukurasa wake. Nilisoma mistari ile, nikasikia spika, nikasikia darasa. Msomaji, kitabu nacho hakifutiki. Nikachukua kalamu nikamkata. Siku zilizofuata nilimwandika upya, akiwa na mke, na deni dukani, na mawazo yake juu ya mabosi anaowafungulia geti. Kigugumizi anacho, nimekitaja mara moja. Sasa yeye ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika kitabu.

Mwaka 2025 nilikwenda Mbagala kumtafuta binti, wakati huo yuko darasa la sita. Nilimwambia na mama yake kwamba nataka kuandika habari hii, na kwamba wakikataa naiacha. Mama mtu alisema, "Mwulize mwenyewe." Binti alifikiri. Nikangoja, kungoja nimejifunza. Alinipa masharti mawili. La kwanza, nisiandike jina lake. La pili, nisiandike vile anavyosema.

Rudi nyuma ukatazame. Sijaandika.